Disketi Kumi na Moja Zilizolala Uchagani

Juzi binti wa jirani, anayekuja kwangu kuchaji simu, alinilalamikia kwamba mtandao wa Lukozi ni mzito. Alikuwa anapakua mchezo, na dakika kumi nzima zilikuwa zimepita. Nikamuuliza mchezo wenyewe una ukubwa gani. Aliponitajia nilipiga hesabu kichwani, nikacheka mpaka nikashika kiuno. Kwa vipimo vya kazi yangu ya zamani, mchezo ule ungejaza disketi mia tisa na zaidi. Ningezipakia kwenye magunia.

"Disketi ndiyo nini, Bibi?" akauliza.

Basi nawaandikia ninyi nyote wa rika lake, kwa sababu swali lile lilinifurahisha, na kwa sababu kazi ile niliipenda.

Disketi ilikuwa kibapa cha plastiki cha mraba, kinaenea kiganjani. Ndani yake kulikuwa na utando wa mviringo, mwembamba kama ganda la kitunguu, wa rangi ya kahawia. Maandishi yote yalikaa kwenye utando huo. Ukitumbukiza disketi kwenye kompyuta, utando unazunguka na mashine inausoma. Barua ya kurasa mbili iliingia na nafasi ikabaki tele. Picha moja ya simu yako ya leo isingeingia. Sasa, programu kubwa ya kompyuta utaisafirishaje kutoka Tanga mpaka Lushoto, wakati haiingii kwenye disketi moja wala mbili, na hakuna njia nyingine? Unaibana, unaikata vipande, unaigawa kwenye disketi nyingi, kisha ukifika unaiunganisha tena. Kazi yangu ilikuwa hiyo. Kuna watu waliofikiri ni uchawi. Kusema kweli, ilikuwa subira na kalamu ya kuandikia namba.

Nilijifunza kwa Fundi Elia, mtu wa Bungu aliyehamia Tanga. Alianza maisha akitengeneza simu za mezani, kisha kompyuta zilipoingia akahamia huko bila kubadilisha hata bisibisi. Siku ya kwanza nilimwambia sielewi kitu kinakatwaje halafu kinakuwa kizima tena. Hakunicheka.

"Rehema, kwenu umewahi kuona kitanda cha seremala kikipandishwa mlimani?"

"Nimeona, Fundi. Kinatoka Gare mpaka kwetu kichwani."

"Kinapanda kizima?"

"Hapana. Wanakifungua. Mmoja anabeba miguu, mwingine mbavu, mwingine mbao za katikati."

"Na wakifika wanajuaje mguu upi ni wa wapi?"

"Seremala huandika namba kwa chaki."

"Basi umeshajua kazi. Yaliyobaki ni kubonyeza."

Hayo yaliyobaki yalinichukua miaka. Lakini maneno yake yalikuwa ya kweli, na hata leo nikimfundisha mtu kitu kigumu huanza na kitanda chake mwenyewe, yaani kitu ambacho tayari anakijua.

Fundi Elia alikuwa na kanuni zake, na alizirudia kila nilipokwenda. Disketi mpya usiiamini kwa sababu ni mpya. Ifute na kuiandaa upya kabla hujaandika kitu. Usiijaze pomoni, acha nafasi kidogo, maana moja yenye kovu itagoma na kukurudisha mwanzo. Ukimaliza kuandika, ijaribu kwenye mashine nyingine, si ile iliyoiandika, kwa kuwa mashine iliyopinda inasoma mwandiko wake yenyewe tu. Andika namba kwenye karatasi ya lebo kwanza, ndipo ubandike. Usiandike juu ya disketi kwa kukandamiza. Na tengeneza seti mbili siku zote.

"Na hizo seti mbili," alisema akininyooshea kidole, "zisilale nyumba moja."

Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoivunja, na nitawaeleza.

Kwanza, ili msinione mjinga wa kosa moja tu, niwaambie la kabla yake. Wenzetu wa umoja wa wakulima wa Korogwe waliomba programu ya kuandikia barua, disketi tano nilizozitengeneza kwa Fundi Elia. Siku hiyo watu watano wa kwetu walikuwa wanashuka Korogwe, na kwa kuwa kitu chenyewe kilikuwa chepesi, kila mmoja alisema nipe na mimi nikusaidie kubeba. Kwetu mtu akitaka kukusaidia mzigo humnyimi. Nikawagawia, mmoja mmoja. Nne zilifika jioni ile. Ya nne kwa namba ilikuwa kwenye koti la mzee mmoja aliyeshuka gari njiani baada ya kusikia habari za msiba, naye akakaa huko siku saba kama inavyostahili. Korogwe wakanipigia simu: "Dada Rehema, mashine inadai namba nne." Nikawaambia namba nne iko matangani, iombeeni. Tangu siku hiyo seti moja ilisafiri kwenye mfuko mmoja.

Sasa nije kwenye uchaga.

Nilikuwa karani wa taipu katika umoja wa wakulima wa mboga, ofisi yetu ikiwa Lushoto mjini. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Kabla yake mkulima alijua anayenunua ni nani, na hakuwa na la kuchagua. Ghafla kila mtu akawa huru kutafuta mnunuzi wake, na wanunuzi wa Dar es Salaam nao wakawa huru kutukataa. Walitaka kila tenga liwe na lebo safi iliyochapwa: hoho hizi za nani, za kijiji gani, kilo ngapi. Lebo za mkono zilifutika kwa unyevu kabla gari halijafika Mombo.

Mradi mmoja uliokuwa unafunga shughuli ulituachia kompyuta na printa. Walituachia mashine bila programu ya maana, sawa na kuachiwa sufuria bila chakula. Miezi ikapita. Mwenyekiti wetu, Mzee Shemboza, mkulima wa karoti mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, akachoka kuitazama imefunikwa kitambaa.

"Rehema," alisema, "hiki kitu kinakula umeme au kinafanya kazi?"

"Mzee, kinahitaji programu ya kupanga kurasa. Tanga ipo. Nipeni ruhusa nikaichukue."

Kamati ikakaa. Ikaamua hivi: niende Tanga. Siku ya mkutano wa wanachama, Jumanne ya wiki ya pili, mashine ichape lebo mbele ya watu. Isipochapa, inashushwa Korogwe, kwa wenzetu ambao walikuwa na karani aliyesomea, na mimi nirudi kwenye mizani kupima karoti. Mzee Shemboza hakusema hayo kwa ubaya. Alikuwa na wanachama wa kuwajibu. Lakini nilitoka pale na hofu. Kompyuta ikishuka mlima, nilijua haitapanda tena, na mimi sitaigusa tena.

Tanga nilikaa siku mbili kwa Fundi Elia. Programu ilibanwa, ikakatwa, ikatoka disketi kumi na moja. Tukatengeneza seti mbili, jumla ishirini na mbili. Kila moja tuliijaribu kwenye mashine ya pili. Nilipoondoka alinikumbusha: "Nyumba mbili, Rehema."

"Nimesikia, Fundi."

Nilifika Lushoto Ijumaa jioni. Ukungu ulikuwa umelala mpaka barabarani, baridi ile ya katikati ya mwaka inayofanya nguo zikae kambani siku tatu. Ofisi imefungwa mpaka Jumatatu. Mnajua kitu kilichoua disketi milimani kwetu kuliko kingine chochote? Ukungu wa koga. Ukiacha disketi kabatini mwezi mmoja, unakuta utando umeota madoa meupe kama mkate wa juzi. Mara mbili ulikuwa umenipata. Kwa hiyo nilipofika nyumbani kwa mama yangu nikiwa na mifuko yote miwili, kitu kimoja tu kilikuwa kichwani: zisipate unyevu.

Mama aliniona nahangaika, naweka mfuko kitandani, nauhamishia sandukuni, nautoa tena.

"Umeleta nini kinachokukosesha kukaa?"

"Ni vitu vya kazi, Mama. Vikipata unyevu vinakufa."

"Mbegu?"

"Zinafanana na mbegu. Ndani yake kuna kitu kitakachoota ofisini Jumanne."

Mama akanitazama kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi. "Mbegu zinakaa wapi nyumba hii?"

Wale mliokulia milimani mnajua jibu. Juu ya mafiga, jikoni, kuna uchaga: jukwaa la miti linalopokea joto na moshi mchana kutwa. Mahindi ya mbegu yanakaa huko, hayapati unyevu wala dumuzi, na msimu ukifika yanaota yote. Mama yangu hajawahi kupoteza mbegu hata punje. Nami, binti yake, niliyefundishwa kanuni sita na fundi wa Tanga, nikaona jambo hilo ni la akili kabisa. Kukavu, kuna joto la kiasi, juu, panya hawafiki. Nikapandisha seti zote mbili.

Nililala usingizi mzuri sana siku zile tatu. Hilo ndilo linalonichekesha mpaka leo.

Jumatatu asubuhi nilizishusha. Zilikuwa kavu, Mama alikuwa sahihi. Zilikuwa pia na rangi ya samaki wa kubanikwa. Masizi yalikuwa yamepita kwenye mifuko, yakaingia kwenye kile kidirisha cha bati ambacho mashine hukifungua kusoma. Nikazifuta kwa pamba na kukimbilia ofisini.

Disketi ya kwanza ilisoma. Ya pili ikasoma. Ya tatu ikatoa sauti ya mtu anayesaga mahindi kwa jiwe, kisha kioo kikaniuliza: niache, nijaribu tena, au nishindwe? Nikachukua namba tatu ya seti ya pili, ikasoma. Mnaona faida ya seti mbili? Nikaendelea. Namba saba ikagoma. Nikachukua namba saba ya seti ya pili. Nayo ikagoma. Nikaendelea mpaka mwisho kuona hasara yote. Namba tisa ya seti ya pili nayo ilikuwa mbovu, lakini ya kwanza ilisoma. Kwa hiyo kati ya disketi ishirini na mbili nilikuwa na vipande kumi vizima, na kilichokosekana kilikuwa kimoja tu, namba saba. Kitanda kimefika, mguu mmoja hakuna.

Nikaenda posta kumpigia Fundi Elia. Simu ilipopatikana nilianza na salamu, maana hata nyumba ikiungua mkubwa huamkiwa kwanza.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Sauti hiyo si ya heri."

"Namba saba imekufa. Zote mbili."

"Zote mbili? Zililala wapi?"

Nikaanza kumweleza jinsi ukungu ulivyokuwa mzito huku kwetu.

"Rehema, zililala wapi?"

"Uchagani, Fundi. Juu ya mafiga."

Nikamsikia anamwambia mtu aliyekuwa karibu naye, "Amezibanika," halafu kicheko kirefu ambacho nilikigharimia mimi. Alipomaliza, sauti yake ikawa ya fundi tena.

"Sikiliza. Masizi hayafuti maandishi. Yanaufunika utando tu. Maandishi yako bado yapo chini yake. Una disketi nyingine nzima usiyoihitaji?"

"Ninayo."

"Fungua namba saba. Bandua kile kibati, tenganisha plastiki kwa kisu chembamba, toa utando. Shika pale katikati kwenye chuma, usiguse pengine. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu yaliyochujwa, sabuni kidogo kabisa. Usisugue. Suuza, kausha kivulini. Halafu uvishe nguo za ile disketi nyingine. Unamwogesha mtoto mchanga, hufui suruali. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Na utando mmoja tu kwanza. Ukiuharibu, unabaki na wa pili wa kujaribu."

Nilirudi nyumbani. Kisu kikateleza mara mbili kabla sijautoa utando wa namba saba. Mama alikuwa anapepeta maharage uani.

"Mbegu zako zimekufa?" akauliza.

"Moja imekufa, Mama. Moshi."

"Moshi hauui mbegu."

"Hizi si mbegu!" nilisema kwa ukali kuliko nilivyotaka. Hakuna mtoto anayemjibu mama hivyo kwetu. Nikaomba radhi hapo hapo.

Hakukasirika. Aliweka ungo chini, akanyoosha mkono. "Lete. Wewe una haraka, mimi sina." Nikamweleza kila alichosema Fundi Elia. Akachuja maji kwa kitambaa mara mbili, akayajaribu kwa kiwiko, akashika ule utando pale pale katikati, akaupitisha majini polepole, upande huu, upande ule. Maji yakawa ya rangi ya chai ya rangi. Akayamwaga, akatia mengine. Mara nne. Mimi nilisimama na khanga safi mkononi kama muuguzi.

"Kitu chembamba namna hii," alisema, "na kinaongea?"

"Kinaongea, Mama."

"Basi na kiseme kesho, nisikie."

Tukaukausha kivulini. Nikauvisha ganda jipya, nikabana kibati chake. Nikarudi ofisini kujaribu, na umeme haukuwepo. Ulikatika mchana ule na haukurudi. Kwa hiyo ule utando ungejaribiwa kwa mara ya kwanza mbele ya mkutano.

Jumanne saa nne ofisi ilijaa, wengine wakachungulia madirishani. Umeme ulikuwa umerudi asubuhi. Nje palikuwa na pikapu, na vijana wawili wamekaa nyuma yake na mablanketi na kamba. Nilijua mablanketi yale ni ya kufunikia nini. Mzee Shemboza hakuwa mtu wa kungoja gari lihitajike ndipo alitafute.

Mama alikuja. Alikaa mbele kabisa, akaweka mkoba mapajani.

Nilianza. Namba moja, mbili, tatu. Baada ya kila moja mashine ilidai inayofuata, nami nikaitumbukiza. Mtu wa Gare akasema kwa sauti, "Hii mashine inakula kama mgeni." Watu wakacheka. Nne, tano, sita. Harufu ya moshi ikaanza kutoka kwenye mashine, harufu ya jikoni kabisa.

"Rehema," Mzee Shemboza akasema, "inaungua?"

"Haiungui, Mwenyekiti. Ni harufu ya nyumbani."

Namba saba. Ikaingia. Ikazunguka. Ikasaga. Kioo kikauliza: niache, nijaribu tena, au nishindwe?

Nikabonyeza jaribu tena. Ikasaga. Ikauliza. Nikabonyeza tena. Sijui ni mara ngapi. Mmoja wa vijana wa pikapu alisogea mlangoni na kamba begani. Nilikuwa nimeinamia kibao cha herufi, sikutaka mtu anione uso. Hapo nikasikia Mama nyuma yangu, kwa Kishambaa, kwa sauti ile anayotumia kumbembeleza ng'ombe akamuliwe: taratibu, taratibu, una haraka ya nini.

Nikaondoa kidole. Nikaitoa disketi, nikaisubirisha, nikatelezesha kibati chake mara tatu ili utando ukae vizuri ndani ya ganda lake geni. Nikairudisha. Jaribu tena.

Ikasaga kidogo. Kisha sauti ikabadilika, ikawa laini, tik tik tik, na kile kimstari cha kioo kikaanza kutembea. Kilitembea mpaka mwisho. Kioo kikasema: lete namba nane.

Nilisikia mtu anapiga makofi, wengine wakamfuata bila kujua wanapigia nini. Nane, tisa, kumi, kumi na moja. Programu ikafunguka. Nikaandika jina la mkulima wa kwanza niliyemwona mbele yangu, kijiji chake, na neno HOHO kwa herufi kubwa. Printa ikalia kama cherehani, ikatoa lebo moja ya herufi nyeusi, safi, zilizonyooka. Nikampa Mzee Shemboza. Aliigeuza, akaisugua kwa kidole alichokilowesha mate, akatazama kidole. Hakikuwa na wino.

Akaipeleka kwa Mama. "Mama Rehema, nimeambiwa na wewe una mkono humu."

"Mimi niliogesha tu," Mama akajibu.

Mwenyekiti akatoka mpaka mlangoni. Yule kijana mwenye kamba akamuuliza, "Tuifunge, Mzee?"

"Kufunga nini?"

"Kompyuta ya kupeleka Korogwe."

"Kompyuta iko kazini, huioni?" Akageuka kuniangalia, kisha akatazama pikapu iliyokuwa inasubiri. "Nendeni mkapakie hoho. Rehema atawaletea lebo. Gari langu halishuki tupu."